Makufuli Matatu kwa Sauti Moja

Mlango wa mbele wa nyumba ya Fundi una makufuli matatu, na hakuna mawili yaliyotoka kiwanda kimoja. La juu limezamishwa ndani ya ubao, la kati ni la kitasa, na la chini ni la kuning'inia, lenye mwili wa shaba, zito kama jiwe la mizani. Ukibisha hodi unasikia funguo tatu zikizunguka kwa zamu, halafu sauti ya mzee: "Karibu, usisimame nje kama uliyepotea njia." Mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza hudhani ndani kuna dhahabu. Ndani kuna makochi mawili, redio, meza, kiti cha magurudumu, na kompyuta ya mezani iliyostaafishwa na ofisi fulani kabla ya kufika hapo.

Kwa miaka arobaini na minne Fundi alitengeneza makufuli katika kibanda chenye upana wa kitanda, kati ya duka la dawa na fundi cherehani. Ukutani zilining'inia funguo butu zikisubiri kuchongwa meno. Humo ndimo alimotungia alichokiita sheria za mlango, na kila mteja alisomewa, awe ameuliza au hakuuliza. Kufuli la kwanza ni la kumkumbusha jirani mwema kwamba hii si nyumba yake. La pili ni la kumchosha mwizi. La tatu ni la kumpa usingizi mwenye nyumba. Kufuli la bure usilikubali, maana ufunguo mwingine anao aliyekupa. Na sheria kubwa kuliko zote: ufunguo wa akiba ndio ufunguo wa mwizi.

Hiyo ya mwisho hakuisoma popote. Aliitwa kwenye nyumba nyingi zilizoibiwa, na milango iliyovunjwa ilikuwa ya kuhesabu. Mingi ilikuwa imefunguliwa taratibu, kwa ufunguo uliowekwa chini ya chungu cha maua, au aliopewa shemeji akae nao "kwa dharura". Ndipo akajizoesha jambo moja. Kila alipobadilisha kufuli la mtu, aliomba funguo zote za zamani, akazipanga juu ya fuawe, akaziponda kwa nyundo mbele ya mwenyewe mpaka zikawa bapa kama majani. "Haya," alisema, "sasa kalale." Watu walilala. Wapo ambao walirudi baada ya miaka kumi kumshukuru kwa usingizi huo.

Mke wake alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na jina la kazi likamganda. Hata Fundi mwenyewe alimwita Matroni. Sauti yake iliwaamsha wasichana mia mbili bila kengele, na ilisemekana kwamba mwalimu mkuu naye, aliyelala ng'ambo ya uwanja, alikuwa akijikuta amevaa viatu. Hakuwa mkali. Alikuwa na maneno. Msichana aliyechelewa aliambiwa, "Bibi harusi karibu, tulikuwa tunakusubiri wewe tu tukate keki," na hakuchelewa tena muhula mzima.

Alikuwa na miaka sitini na nane ulimi ulipoanza kuwa mzito. Daktari aliwaeleza bila kuzungusha: ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, misuli itadhoofika mmoja baada ya mwingine, kwake umeanzia kooni, na dawa ya kuurudisha nyuma haipo. Akili itabaki timamu. Sauti ilikuwa na miezi mitano, labda sita.

"Basi tuitumie haraka," alisema Matroni, maneno yakimtoka kama mtu mwenye kaa la moto mdomoni.

Hospitali ilikuwa na mtaalamu mmoja wa kuwasaidia watu waliopoteza usemi, dada mwenye miwani mikubwa ambaye wagonjwa walimwita Dada wa Usemi. Ndiye aliyekuja na wazo. Alikuja nyumbani mara mbili kwa wiki na kinasa sauti cha idara, kilichokuwa kimoja kwa wagonjwa wote, akamrekodi Matroni sentensi moja moja. Kila sentensi aliitengenezea kadi kwenye kompyuta: picha ndogo, ukiibonyeza inasema. Ulimi ungekufa, lakini mkono wa kulia ungedumu mwaka au miwili zaidi, na mkono huo ungeshika kipanya. Kwa miezi minne walifikisha kadi mia sita na kumi na mbili.

Dada wa Usemi alikuja na orodha ya hospitali: nina kiu, nina maumivu, nataka kugeuzwa. Matroni alizisema zote kwa utiifu, kisha akasukuma karatasi pembeni.

"Hizi ni za mgonjwa," alisema. "Sasa turekodi za mimi."

Kwa hiyo kompyuta ile ilijua kusema, "Nimeshiba, usinijaze kama gunia." Ilijua kusema, "Nikune mgongoni. Siyo hapo. Siyo hapo. Hapo, Mungu akubariki." Ilikuwa na kadi ya wageni: "Mwambie aende salama, nimechoka kutabasamu." Ilikuwa na kadi tano za kumsimanga Fundi, ya kwanza ikiwa ni, "Mzee, umeacha taa tena. Umeme unanunuliwa, hauchotwi mtoni." Fundi alikuwa na tabia ya kuacha taa za chumbani zikiwaka mchana. Sauti ilipokatika kabisa, na nyumba ikanyamaza kwa siku tatu wakati Matroni akijifunza kipanya, neno la kwanza kusikika siku ya nne lilikuwa hilo la taa. Fundi alikwenda kuzima akiwa analia, akarudi akiwa anacheka.

Kadi kumi na tisa zilikuwa na rangi ya buluu na zilikaa peke yake chini ya skrini. Hizo alizirekodi mlango umefungwa, Fundi akiwa amefukuziwa jikoni.

"Za nini hizo?" aliuliza siku hiyo.

"Za baadaye."

"Baadaye lini?"

"Utajua ukifika," alisema Matroni, na hiyo ilikuwa miongoni mwa sentensi za mwisho alizozisema kwa kinywa chake mwenyewe.

Dada wa Usemi alipomaliza kazi aliacha nakala ya kadi zote kwenye flashi ndogo nyekundu. "Hii iweke mbali na kompyuta," alisema. "Kabatini. Kompyuta ikifa, hii ndiyo Matroni." Kinasa sauti akakirudisha idarani, kikafutwa, kikapewa mgonjwa mwingine.

Fundi aliiweka flashi kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza. Ilimwasha tangu siku ya kwanza. Aliihisi pale kama mtu anavyohisi kuna ufunguo wake mkononi mwa shemeji.

Mtaa wa tatu kutoka kwake kulikuwa na mpiga picha aliyeitwa Cheka Kidogo, kwa sababu hilo ndilo alilowaambia wateja wote, hata waliokuja kupiga picha za pasipoti. Asubuhi moja Fundi alimkuta amekaa nje ya studio yake, mikono kati ya magoti. Picha zote alizopiga kwa miaka tisa, harusi, mahafali, watoto wachanga, zilikuwa zimegeuka majina yasiyofunguka.

"Virusi," alisema Cheka Kidogo.

"Viliingilia wapi?"

"Kwenye flashi. Mteja kaja na flashi nimchapie picha moja. Moja tu, Fundi. Nikaichomeka."

"Flashi," alirudia Fundi.

"Hako kadude kadogo ndiko kamenizika."

Fundi alirudi nyumbani kwa haraka isiyolingana na magoti yake. Alifungua droo, akatoa flashi nyekundu, akalivuta fuawe la zamani kutoka chini ya meza, akaliweka katikati ya sebule mbele ya kiti cha Matroni. Mambo ya kuponda yalifanywa mbele ya mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Matroni alitazama flashi, akatazama nyundo. Mkono wake ukatambaa hadi kwenye kipanya.

"Hapana," ilisema kompyuta kwa sauti yake.

"Ni kwa usalama wako, Matroni. Hii ndiyo iliyommaliza Cheka Kidogo."

"Hapana. Hapana."

"Ufunguo wa akiba huu. Umeishi nami miaka arobaini na tatu, sheria unaijua."

Mkono ulitambaa tena, ukatafuta kwa muda. "Mwanaume mkaidi kama punda wa kukodi," ilisema kompyuta.

Fundi alicheka, kwa sababu kadi hiyo ilimchekesha kila mara, akashusha nyundo. Flashi ilipasuka kwa pigo la kwanza. Aliipiga mengine manne, kama ilivyo desturi.

"Haya," alisema. "Sasa kalale."

Sasa mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa. Ulibaki wa mbele, na wa mbele ulihitaji makufuli.

Alianza kwa Mama Chaja, aliyekuwa na duka la kompyuta na vifaa vya simu karibu na kituo cha mabasi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye wajukuu wawili na bisibisi iliyokaa nyuma ya sikio kama kalamu.

"Mama, nataka antivirusi."

"Ya kompyuta gani, mzee?"

"Ya nyumbani. Ina sauti ya mke wangu."

Mama Chaja aliacha alichokuwa akifanya. Alimwuliza kompyuta ni ya lini, mfumo wake ni upi, inaingia mtandaoni au la. Alipojibiwa akasema, "Hiyo ina mlinzi wake humo humo ndani, kaja naye. Mwache afanye kazi, isasishe kila inapoomba, usichomeke flashi za watu. Inakutosha."

"Huyo mlinzi analipwa na nani?"

"Halipwi. Ni bure."

"Basi ufunguo mwingine anao aliyemleta."

"Fundi, hii siyo milango."

"Kila kitu ni mlango, mama. Tofauti ni nani ana ufunguo."

Mama Chaja alivuta pumzi ya mtu anayeuza huku hataki kuuza. "Ukitaka ya kununua, chagua moja. Moja. Ukiweka mbili zitaonana wezi. Kila antivirusi kazi yake ni kupekua mafaili. Ya pili nayo ikianza kupekua, ya kwanza inajiuliza huyu ni nani kabatini mwangu. Zitakamatana zenyewe, kompyuta italala chali."

"Walinzi wawili wakigombana getini, mwizi hapiti."

"Na mwenye nyumba hapiti."

"Mama, kwa miaka arobaini na minne, kila aliyeniambia kufuli moja linatosha alikuwa mmoja kati ya wawili. Hajawahi kuibiwa, au ndiye mwizi."

"Na mimi ni yupi?"

"Wewe bado mtoto."

Mama Chaja alicheka, kisha akauliza lile ambalo angeuliza mtu yeyote wa kazi yake. "Nakala umeweka wapi?"

"Nimeiponda."

"Umeiponda."

"Kwa nyundo."

Alichomoa bisibisi nyuma ya sikio, akaiweka mezani. "Jumamosi nikifunga duka nakuja kwako," alisema. "Nikutengenezee nakala nyingine, bure. Mpaka hapo usiguse kitu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Fundi, kwa adabu ile mtu anayoitumia kumaliza mazungumzo. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jioni hiyo aliwapigia simu watoto wake wawili, ambao waliishi mbali na hawakuwahi kukubaliana tangu wagombee dirisha la basi utotoni. Mwana alimtajia antivirusi inayotumika ofisini kwao. "Hiyo hiyo, Baba, usiulize mtu mwingine." Binti alipoambiwa alichotaja kaka yake akasema, "Kaka naye. Hiyo inakula kompyuta kama mchwa. Chukua hii yangu." Fundi hakutaka kuamua kesi ya wanawe. Alichukua zote mbili. Kwenye skrini moja ilikuwa na alama ya ngao, nyingine ya jicho, naye akaziita hivyo: Ngao na Jicho.

Ya tatu aliichagua mwenyewe, Jumatano, kwenye duka jingine ambako hakuna aliyemjua wala kumuuliza kitu. Zilipangwa kwenye rafu ndani ya maboksi, na hakuweza kusoma maelezo yake marefu ya kigeni. Kwa hiyo alichagua kwa kitu alichokijua. Boksi moja lilichorwa kufuli. Alilishika, akavaa miwani, akalichunguza kufuli lile kama alivyochunguza makufuli maisha yake yote. Pingu, ule upinde wa chuma wa juu, ilikuwa nene. Tundu la ufunguo lilikuwa na kifuniko cha kuzuia vumbi. Mchoraji alikumbuka hata misumari minne ya nyuma ambayo makufuli ya bei rahisi huwa hayana.

"Aliyechora hili analijua kufuli," alimwambia muuzaji.

"Ni nzuri sana hiyo, mzee," alisema muuzaji, ambaye hajawahi kuitumia.

Kuweka zote tatu kulimchukua mchana mzima. Yule mlinzi wa bure alimzima kabisa, akifuata maelekezo ya mwanawe kwa simu, hatua kwa hatua. Kufikia jioni kompyuta ilikuwa nzito. Mshale wa kipanya ulikokota kama siafu kwenye asali. Matroni alibonyeza "Nina kiu," na sauti ikatoka wakati Fundi ameshaenda jikoni, amerudi na amemnywesha.

Ngao iliripoti kwamba Jicho ina mwenendo wa kutia shaka. Jicho iliripoti Ngao. Fundi alisugua viganja.

"Wameamka," alimwambia mkewe.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Matroni alilala chumbani. Fundi alikaa mbele ya kompyuta kungoja kufuli la tatu limalize ukaguzi wake wa kwanza. Saa tisa na dakika kumi skrini iligeuka nyekundu. Vitisho vimepatikana: 613.

Antivirusi ile haikuwa ya uongo, wala haikuwa na nia mbaya. Kadi zile Dada wa Usemi alizitengeneza mwenyewe, kwa ujuzi wa kujifundisha, na kila moja ilikuwa programu ndogo inayojiendesha ikiguswa, iliyojificha nyuma ya picha, isiyo na saini ya kampuni yoyote. Mlinzi aliyesomeshwa kutambua virusi kwa sura angeziona na kuapa kwamba ni vyenyewe. Kadi mia sita na kumi na mbili, na programu moja iliyozifungua. Hesabu ilikuwa pale, kwa tarakimu kubwa nyeupe. Fundi aliitazama na alichokiona ni wingi wa wezi.

Chini kulikuwa na vitufe vitatu. Alivisoma taratibu, akisogeza midomo, akitumia kamusi ya shule aliyoiacha mwanawe. Cha kwanza kilisema acha. Cha pili kilisema tenga, na maelezo yake yalikuwa kwamba kitu kitafungiwa mahali pasipo na madhara, nawe unaweza kukirudisha. Cha tatu kilisema futa kabisa.

Alikifikiria sana kile cha pili. Hilo ni lazima lisemwe kwa haki yake. Lakini mwizi umemkamata sebuleni, unamfungia stoo? Unampa na mkeka? Na hicho cha kurudisha, hicho kilikuwa nini kama si ufunguo wa akiba?

Alibonyeza cha tatu. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Mtu mzima haulizwi mara mbili, alisema kimoyomoyo, akajibu ndiyo. Mstari wa kijani ulitembea kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, na kwa kila hatua alisikia mkononi ile raha ya nyundo. Ulipofika mwisho skrini ilisema kwamba kompyuta yake iko salama.

Alimpigia simu binti yake.

"Mia sita na kumi na tatu," alisema. "Hebu fikiria. Walikuwa wamelala humu ndani na mama yako."

"Mbona wengi hivyo, Baba?"

"Ndiyo nakwambia."

"Umewafanyaje?"

"Nimewafuta. Kabisa."

Nyuma ya binti kulisikika watoto wa mtu wakicheza.

"Baba," alisema binti. "Mama alirekodi ngapi?"

Binti aliita tena, na tena, na alichosikia ni pumzi, kisha sauti ya kipanya kikibonyezwa juu ya meza, tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Saa kumi na moja Matroni aliamka. Fundi alimnyanyua, akamkalisha, akamsukuma mpaka mezani kwa sababu hakujua namna ya kutomsukuma. Picha zilikuwa bado zipo kwenye skrini, kivuli cha kadi, lakini nyuma yake hakukuwa na kitu. Matroni alibonyeza kikombe. Akangoja, kwa kuwa tangu jana alikuwa amezoea kungoja. Akabonyeza tena.

"Kompyuta imechoka," alisema Fundi.

Matroni alimtazama kama alivyowatazama wasichana waliosema wanaumwa tumbo siku ya mtihani. Fundi alipiga magoti kando ya kiti, akamwambia yote, kuanzia boksi lenye kufuli mpaka kitufe cha tatu, bila kujipunguzia. Alipomaliza, mkono wa Matroni ulikuwa bado juu ya kipanya. Hakuutoa mpaka giza lilipoingia.

Mama Chaja hakungoja Jumamosi. Alikuja Ijumaa asubuhi na vifaa vyake ndani ya mfuko wa kubebea unga, akakaa siku mbili. Kitu kilichofutwa kawaida, alieleza, ni kama ukurasa uliokatwa jina kwenye fahirisi; ukurasa wenyewe bado upo. Lakini programu hii ilifuta na kupaka juu. Na juu ya hapo Ngao na Jicho walikuwa wamepakua masasisho yao usiku kucha, wakaandika kila palipobaki wazi. Jumamosi alasiri aliirudisha bisibisi nyuma ya sikio.

"Ungebonyeza cha pili," alianza, akajikata. Hakusema nilikwambia. Fundi alimngoja aseme, na mama huyo aliposhika mlango kutoka bila kulisema, mzee aliona kwamba kulisikia kungemsaidia.

Dada wa Usemi alikuja Jumatatu. Kinasa sauti kilishabeba sauti za watu wanne baada ya Matroni. Alichokuwa nacho ni kilichobaki kwenye simu yake mwenyewe tangu siku ya kwanza kabisa, walipokuwa wakijaribu kama sauti inasikika vizuri. Sentensi kumi na moja, nyingi za mzaha. Alizitengenezea kadi upya. Alileta pia sauti ya mashine, mwanamke asiyetoka popote, aliyesema "Nina kiu" kama anayetangaza gari linaloondoka. Na Matroni walikuwa na makubaliano: kidole cha shahada kikiinuka ni ndiyo, kikilala ni hapana.

"Tuitumie hii kwa sasa, Mama?" aliuliza Dada wa Usemi.

Kidole kililala.

"Hata kwa maji tu?"

Kililala.

Alipoondoka, Fundi alivuta kigoda akakaa mbele ya mkewe. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limejaa sebuleni mpaka kwenye miguu ya viti. Alikuwa ameandaa maswali siku nzima iliyopita, akiyapanga kama funguo kwenye pete, akijua moja litaingia.

"Zile za buluu," alisema. "Zilikuwa za mimi?"

Kidole kiliinuka.

"Zote?"

Kililala.

"Nyingine za watoto."

Kiliinuka.

"Za mimi zilikuwa ngapi? Tano? Sita? Saba?"

Kwenye saba kiliinuka, kidogo sana.

"Zilikuwa za kunisimanga?"

Kililala.

Fundi alifuta uso kwa kiganja. "Nikikisia, utaniambia nimepata?"

Kidole hakikuinuka, na Fundi alielewa kwamba hakukuwa na kukisia. Kwamba mtu anaweza kufungua kufuli lolote duniani ila lile ambalo nyuma yake hakuna tena chumba. Alijaribu hata hivyo. Alisema maneno mawili matatu ambayo mume anaweza kudhani mke wake angemwachia. Yalisikika mageni, kama maneno ya kadi za dukani.

Mkono wa kulia ukaanza kutambaa. Safari ya kutoka kwenye paja mpaka kwenye kipanya sasa ilichukua dakika nzima, na Fundi hakuusaidia, maana hilo pia lilikuwa katika makubaliano yao. Mshale ulishuka mpaka chini ya skrini, kwenye safu ya buluu, ukabonyeza ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Matroni alizipitia zote kumi na tisa, bila haraka, kama alivyokuwa akipita kitanda kwa kitanda kuhesabu wasichana wake, na Fundi alikaa akasikiliza kila moja.

Kisha mshale ukapanda juu, kwenye zile kumi na moja.

"Mzee, umeacha taa tena," ilisema sauti ya Matroni, karibu nzima, ya siku ile ya kwanza, kaa likiwa bado dogo mdomoni. "Umeme unanunuliwa, hauchotwi mtoni."

Hakuna taa iliyokuwa ikiwaka nyumba nzima. Fundi alinyanyuka, akashika ukuta, akaenda chumbani. Aliwasha taa. Alisimama chini yake kidogo, akaizima, akarudi kukaa kwenye kigoda.

Matroni alibonyeza tena. Fundi akanyanyuka.